Nilimpuuza siku tatu, akaanza kupiga kichwa ukutani

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Makorora hapa Tanga. Nashona nguo barazani kwangu. Ninayekuandikia habari zake ni mwanangu wa pili, wa kiume, ametimiza miaka 6. Alipokuwa na miaka 4 hospitalini walituambia ana usonji. Haongei. Maneno yake ni "maji" na "toka", na jingine moja wanaloelewana yeye na dada yake tu. Lakini anasikia kila kitu na ni mjanja: ukificha kitu juu ya kabati, atavuta kiti.

Shida zangu ni mbili. Ya kwanza ni dukani. Njia yetu ya shule inapita duka la kona, na tukifika pale lazima anunuliwe biskuti. Nikisema leo hapana, anajibwaga chini na kupiga ukelele mpaka watu wanatoka ndani. Siku nyingine nilikuwa nampa, siku nyingine nakaza roho, inategemea nimeamkaje na nina shilingi ngapi. Ya pili ni mswaki. Akiuona tu anajiuma mkono hadi alama za meno zinabaki. Namwonea huruma, nauweka mswaki pembeni. Sasa meno yake ya nyuma yameanza kutoboka.

Mwezi uliopita niliingizwa kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Mtu akatuma kurasa za Kiingereza kuhusu hii ABA, njia ya kuwafundisha watoto wenye usonji. Shemeji yangu anayesoma chuo akanitafsiria alivyoweza: kuna kuimarisha chanya, kuimarisha hasi, kuzimisha, kufifisha, mnyororo, kazi ya tabia. Nilivyoelewa mimi, kuimarisha chanya ni zawadi, kuimarisha hasi ni adhabu, na kuzimisha ni kumpuuza mtoto anapofanya vibaya mpaka aache mwenyewe.

Basi nikapuuza. Siku ya kwanza dukani alilia kama dakika ishirini. Ya pili alilia zaidi. Ya tatu akaanza kupiga kichwa kwenye ukuta wa duka, kikavimba. Mama mkwe alikuwa anatoka sokoni, akatukuta. Akamnyanyua, akamnunulia pakiti mbili, akaniambia mbele za watu kwamba mtoto si mbuzi wa kuachiwa alie. Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa shida. Na mtoto sasa akilikaribia duka hapigi hata kelele, anaanza moja kwa moja na kichwa. Baba yake anasema dawa ni fimbo.

Isitoshe, kwenye grupu kuna bwana anajitangaza kuwa ana cheti cha ABA, anataka saa 40 kwa wiki, na ameahidi mtoto ataongea ndani ya miezi mitatu. Bei aliyotaja ni zaidi ya ninachoingiza kwa mwaka. Mama mwingine akajibu kwamba tusithubutu, hao ndio waliokuwa wakiwapiga watoto shoti ya umeme. Nimechanganyikiwa, Mwalimu. Nimwamini nani?

Mama wa cherehani, Makorora

JIBU

Marahaba mwanangu.

Kabla ya ABA na kabla yangu mimi, nenda kwa daktari wa meno. Mtoto asiyeweza kusema "jino linaniuma" atasema kwa njia aliyonayo, na huyu njia aliyonayo ni mkono wake mwenyewe. Nimefundisha kitengo cha watoto kama wako miaka mingi, na nimeona zaidi ya mara moja "tabia mbaya" ikiisha siku ile ile sikio lilipotibiwa usaha. Hata wachambuzi wa tabia wenyewe wanafundishwa kuuliza kwanza habari za maumivu, usingizi, choo na dawa. Kuhusu kichwa: akijigonga kisha akatapika, akalegea au akasinzia isivyo kawaida, usisubiri jibu la mtu yeyote, kimbia hospitali.

Tukishavuka hapo, tuje kwenye hizo kurasa. Aliyekutumia alikupa pishi la pilau lililokatika kwenye kukaanga vitunguu. Ulipika kwa uaminifu, chungu kikaungua.

ABA ni uchambuzi tumizi wa tabia, kwa maana ile ile ya "tumizi" tunapotaja isimu tumizi: elimu iliyotolewa maabara ikaletwa kwenye maisha ya watu. Mizizi yake ni kazi ya B. F. Skinner, Mmarekani aliyefanya majaribio kwa panya na njiwa, na fani ilipata jina na jarida lake mwaka 1968. Wazo la msingi unaliishi kila siku hapo barazani: jambo lililokulipa utalirudia. Mteja aliyepunguziwa bei kwa kulalamika, mara ijayo atalalamika tena.

Swali la kwanza la fani hii basi ni "anapata nini?" Swali la namna ya kumwachisha linakuja baadaye sana. Ndiyo maana ya ile "kazi ya tabia" aliyokutafsiria shemeji yako. Mwaka 1982 Brian Iwata na wenzake huko Baltimore walichapisha utafiti juu ya watoto waliokuwa wakijiumiza. Kila mtoto walimweka katika hali mbalimbali: mara anapewa kazi ngumu, mara yuko peke yake, mara mtu anamsemesha pale tu anapojiumiza. Wengi wao walijiumiza zaidi katika hali fulani kuliko nyingine, na hali hiyo haikuwa moja kwa wote. Kitendo kinafanana, sababu hazifanani. Leo tunazipanga katika mafungu manne: kutazamwa na kusemeshwa, kupata kitu, kukwepa kitu, au raha na nafuu inayotoka ndani ya mwili wenyewe bila mtu mwingine kuhusika.

Sasa msome mwanao kwa macho hayo. Dukani anataka kupata. Kwenye mswaki anataka kukwepa. Ni mtoto mmoja na kilio kimoja, lakini kufuli mbili, nawe umekuja na ufunguo mmoja tu wa kupuuza. Tena huo wa kupuuza hauingii kabisa kwenye kufuli la mswaki: anayekimbia mswaki ukimpuuza na kumwacha, si umempa alichotaka?

Usiniamini mimi niliye mbali. Chukua daftari, lile la vipimo vya wateja litafaa, chora safu tatu: kabla, tendo, baada. Ndiyo hiyo ABC ya Wazungu, herufi za kwanza za maneno hayo matatu kwa Kiingereza. Kwa wiki moja usibadilishe lolote, andika tu. Kabla: tulikuwa wapi, nani alikuwepo, nilisema nini, alikuwa na njaa? Tendo: andika kinachoonekana. "Alikasirika" hapana, hilo ni lako. "Alijiuma mkono wa kushoto mara mbili" ndilo la daftari. Baada: nini kilifuata papo hapo, alipewa nini, kitu gani kiliondoka mbele yake? Walimu wapya niliowalea walikuwa wakiichukia safu hii ya tatu, kwa sababu ndiyo inayomwanika mkubwa.

Hapo ndipo tunapokutana na neno ulilolielewa kinyume, na usione haya, hata wenye shahada wanalikosea. Kuimarisha hasi si adhabu. Kuimarisha ni chochote kinachofuata tabia na kuifanya iongezeke. Kikiongezwa kitu ni chanya, kikiondolewa kitu ni hasi, kama kujumlisha na kutoa. Kichwa kinauma, unameza panadol, maumivu yanaondoka. Kesho kichwa kikiuma utatafuta panadol. Hiyo ndiyo kuimarisha hasi. Mwanao anajiuma mkono, mswaki unaondoka. Kesho atajiuma tena. Ulimfundisha kwa huruma, somo likashika.

Na kuna upande wa pili usioandikwa kwenye kurasa za WhatsApp. Wewe nawe ulikuwa unafundishwa. Unatoa biskuti, kelele zinakatika, watu wanarudi ndani, moyo wako unatulia. Mwanao amekuwa akikuimarisha wewe kutoa biskuti, na amefanya kazi hiyo vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyemjua.

Lile la siku nyingine kumpa na siku nyingine kukaza roho nalo lina uzito wake. Unazijua zile mashine za kamari za kutumbukiza sarafu ya mia mbili? Zingelipa kila mara watu wangezichoka, zingekataa kila mara wangeondoka. Zinalipa mara moja moja, bila mpango, ndiyo maana kijana anasimama pale mpaka nauli imekwisha. Tabia inayolipwa kwa kubahatisha ndiyo sugu kuliko zote. Mwanao akijibwaga pale alikuwa anatumbukiza sarafu, na kila sarafu ilikuwa na matumaini.

Tuje kwenye siku zako tatu. Kuzimisha maana yake ni kwamba tabia iliyokuwa ikilipwa haipati tena malipo yake. Ni mbinu halisi, lakini ina kishindo chake: malipo yakikatika, mara nyingi tabia hupanda kwanza kabla ya kushuka. Swichi ya taa isipowaka huiachi, unaibonyeza mara tano, mara ya sita kwa nguvu. Mwanao alibonyeza kwa nguvu. Kilio kikawa kirefu, kisha kikaja kichwa, kitu kipya, na bibi akatokea na pakiti mbili wakati ule ule. Kwa hesabu ya mtoto: kilio cha siku mbili hakikulipa, kichwa kimelipa mara mbili. Ndiyo sababu siku hizi hapotezi muda na kelele.

Simlaumu mama mkwe wako. Ningekuwa mimi napita pale bila kujua kinachoendelea, ningemnyanyua pia. Kosa ni la karatasi iliyokwambia "puuza" na isikwambie mambo mawili. Kwanza, tabia ya kujiumiza haizimishwi na mzazi peke yake mtaani. Kichwa kikipigwa ukutani, unaweka mkono wako au kanga iliyokunjwa kati ya kichwa na ukuta, bila hotuba na bila kumkazia macho, na unamwondoa pale. Pili, haifai kumfungia mtoto mlango bila kumfungulia mwingine. Anataka biskuti. Kutaka biskuti si kosa. Anaitakaje bila maneno?

Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand walionyesha jambo hili kwa watoto wa darasani: waliwafundisha sentensi fupi ya kufanya kazi ile ile iliyofanywa na fujo. Aliyefanya fujo kukwepa kazi ngumu alifundishwa kusema hajaelewa, ili asaidiwe. Aliyetaka kutazamwa alifundishwa kuuliza kama kazi yake ni nzuri. Fujo zikapungua, lakini pale tu sentensi ilipolingana na sababu ya mtoto huyo. Ukimpa wa kukwepa sentensi ya kutazamwa, hujampa kitu.

Kwa hiyo, dukani. Kwa wiki mbili hivi badilisheni njia, hata kama mtazunguka. Hilo si kushindwa. Kubadilisha kinachotangulia ni mbinu kamili, na kunakipa kichwa chake nafasi ya kupoa. Wakati huo huo nyumbani kata mbele ya pakiti ya biskuti anayoipenda, ibandike kwenye kipande cha boksi, uwe na kadi. Keti mbele yake na biskuti mkononi, uivunje vipande vinne, maana tutahitaji vingi. Dada yake akae nyuma ya mdogo wake. Akinyoosha mkono kuchukua biskuti, dada anauongoza mkono huo, kimya kabisa, uokote kadi na kuiweka kiganjani mwako. Ikitua tu, wewe unasema "biskuti!" na kipande kiko mdomoni mwake. Papo hapo. Ukichelewa kwa kutafuta kifuniko, umelipa kitu kingine alichokuwa anafanya wakati huo, labda kujikuna.

Msaada wa dada unaitwa kidokezo, na kazi ya kidokezo ni kufa. Leo anashika mkono mzima, keshokutwa kiwiko tu, halafu anagusa bega, halafu anakunja mikono yake. Huko ndiko kufifisha. Nimeona watoto waliofundishwa miaka miwili wakawa bado wanasubiri kuguswa bega, kwa sababu mwalimu alisahau kuondoka. Mbinu ya kubadilishana picha ilianzishwa Delaware na Andy Bondy na Lori Frost, pia mwaka 1985, na mtu wa pili kukaa nyuma bila kusema neno ni sehemu ya hatua yake ya kwanza. Dada mtu ataipenda kazi hii. Mlipe naye.

Akishaleta kadi mwenyewe kutoka chumba kingine, rudini njia ya duka, kadi ikining'inia shingoni mwake au kwenye begi. Jambo dogo lenye uzito: mwelekeze kwenye kadi hatua kama kumi kabla ya kufika dukani, kabla hajaanza lolote. Ukisubiri apige kelele ndipo umwonyeshe kadi, atajifunza wimbo wa beti mbili, kelele kisha kadi kisha biskuti. Mwanzoni kila kadi inalipwa, kila mara, kutoka kwenye pakiti uliyoibeba mwenyewe mkobani, kipande kimoja. Ndiyo, atakuletea kadi mara thelathini kwa siku. Shukuru Mungu, ni mtoto asiyeongea anayeomba mara thelathini. "Subiri" na "leo hapana" zitakuja baadaye, kwa kuanza na kusubiri sekunde mbili. Hatujengi paa kabla ya boma.

Mswaki, baada ya daktari kumaliza kazi yake. Nilisoma barua yako mara ya pili ndipo nikaona ulichokitaja kwa haraka: ana neno "toka". Mwanangu, unayo dhahabu na unaikalia. Kujiuma mkono na kusema "toka" vina kazi moja kwa mtoto huyu. Tofauti ni kwamba kimoja kinalipwa na kingine sijui kama kuna aliyewahi kukisikiliza. Uulete mswaki kwa mbali, na kabla hajapeleka mkono mdomoni msaidie aseme "toka", hata "to" inatosha. Akisema, mswaki unaondoka sekunde hiyo hiyo, nawe unamsifu. Unaona tulivyogeuza? Kuimarisha kule kule kwa hasi kulikomfundisha kujiuma, sasa kunamfundisha kusema. Akiamini kwamba neno lake lina nguvu, hapo ndipo unaanza kumsogelea.

Na kumsogelea ni kufinyanga. Mfinyanzi hatarajii mtungi kutoka kwenye udongo kwa mkono mmoja. Siku za kwanza mswaki uko mezani na yeye amekaa karibu akisikiliza anachokipenda. Hilo linatosha, mlipe. Kisha aushike. Kisha uguse mdomo. Kisha jino moja, ukihesabu moja tu. Kisha mpaka tatu. Ukiona amerudi nyuma, ulikimbia, rudi hatua moja. Kwa mtoto mmoja wa kitengo changu ilituchukua muhula mzima kufika meno ya nyuma, na mama yake alikuwa amekata tamaa wiki ya pili.

Mnyororo ni kitu kingine, na huo wewe fundi unaujua bila kuambiwa. Mwanafunzi wa cherehani akija kwako humpi kitambaa akate gauni. Anaanza kwa kushona vifungo vya gauni ambalo wewe umeshamaliza, halafu pindo, halafu anarudi nyuma polepole mpaka siku moja anashika mkasi. Siku ya kwanza tu ameonja utamu wa kumaliza nguo. Kuvaa shati, kunawa, kuvaa viatu, mfundishe hivyo hivyo: fanya yote wewe, mwachie kifungo cha mwisho. Kesho viwili vya mwisho.

Baba yake na fimbo. Mwambie, kwa heshima, ajaribu kuijaza safu ya tatu ya daftari. Mtoto anajiuma ili mswaki uondoke, baba anamchapa, vurugu zinatokea, mswaki unasahaulika. Mswaki si umeondoka? Fimbo imemlipa. Na hata pale inapomnyamazisha, haijamwambia afanye nini badala yake. Watu wa fani huita adhabu chochote kinachopunguza tabia, na kanuni za maadili zao zinawataka watangulize njia za kuimarisha kabla ya kuifikiria. Mimi kwa mtoto asiyeweza kueleza alichofanyiwa siifikirii kabisa.

Huyo mama wa grupu hakukudanganya kuhusu umeme. Miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Ivar Lovaas na wenzake walitumia makofi na shoti za umeme kwa watoto wenye usonji. Kituo kimoja katika jimbo la Massachusetts kimeendelea na kifaa cha shoti hadi karne hii. Mwaka 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikipiga marufuku kifaa hicho, mwaka uliofuata mahakama ikaitengua marufuku hiyo. Na watu wazima wenye usonji waliopitia ABA wakiwa watoto, baadhi yao wanasimulia machungu yasiyohusu umeme hata kidogo: kulazimishwa kutazama watu machoni, kukatazwa kupepea mikono, kushindishwa mezani wakifanya zoezi moja mpaka jioni. Wasikilize. Mimi mwenyewe zamani niliwahi kumshika mtoto mikono asiipepee, na leo nikikumbuka najiuliza ilikuwa inamdhuru nani. Ya kutazamana machoni ndiyo kabisa; kwetu mtoto akimkodolea mkubwa macho anaitwa fidhuli, halafu tulipe fedha afundishwe?

Kipimo changu ni kifupi: tunachomfundisha kinamsaidia yeye, au kinatupunguzia sisi aibu? Mswaki unamsaidia. Kadi inamsaidia. Kujirusharusha akifurahi, mwache ajirushe.

Huyo bwana wa saa 40. Namba hiyo naijua inakotoka. Mwaka 1987 Lovaas huyo huyo alichapisha matokeo ya watoto 19 waliofundishwa kwa saa 40 au zaidi kwa wiki, kwa miaka miwili na kuendelea, wote wakianza kabla ya kufikisha miaka 4. Alisema 9 kati yao walifikia kusoma darasa la kwanza la kawaida na kupimwa akili sawa na wenzao. Utafiti huo ndio uliowapa wazazi wa Marekani hoja ya kudai huduma, na ndio unaobishaniwa mpaka leo, kwa sababu watoto hawakugawanywa kwenye makundi kwa kura, na kwa sababu kofi la pajani lilikuwa sehemu ya mafunzo. Sasa angalia: hata huyo, kwa hesabu zake nzuri kabisa, alizungumzia miaka, na zaidi ya nusu hawakufika huko. Bwana wako anaahidi miezi mitatu. Anayeahidi mtoto ataongea tarehe fulani, mfungie mlango.

Muulize pia cheti chake ni cha nini. Bodi ya Marekani inayothibitisha wachambuzi wa tabia, iliyoanzishwa 1998, ina ngazi kadhaa. Ya chini ni ya fundi, anayeanza na mafunzo ya saa 40 jumla, si kwa wiki, na haruhusiwi kufanya kazi bila kusimamiwa na wa ngazi ya juu. Wengine wana hayo mafunzo ya mtandaoni tu, hata usajili hawakufika. Tena tangu mwanzo wa 2023 bodi hiyo haipokei waombaji wapya kutoka nchi nyingi za nje ya Marekani na Kanada. Rejista yake iko wazi mtandaoni. Mwombe shemeji yako wa chuo aandike jina la bwana huyo atafute. Halafu muulize swali moja: "Utaanza na nini?" Akijibu ataanza kwa kumtazama mtoto na kuuliza tabia inampatia nini, endelea kumsikiliza. Akitaja bei kwanza, umeshajua.

Fedha hizo, kama zipo, ziende kwa daktari wa meno, na zikibaki mtafute mtaalamu wa tiba kazi. Wapo wanaofundishwa hapa hapa nchini, KCMC Moshi, na mambo ya mdomo usiopenda kuguswa ndiyo kazi yao. Mwalimu wa kitengo cha shule naye mpelekee daftari lako. Kadi inayofanya kazi nyumbani tu, shuleni ikakataliwa, ni nusu kadi.

Limebaki la mama mkwe. Nenda kwake jioni, na vitumbua ikiwezekana, usiende na kurasa za ABA. Mwambie ulikosea kumwacha mtoto alie bila kumpa njia, maana kweli ulikosea. Kisha mwombe kazi. Wiki ya pili, mtoto akishazoea kadi na dada yake, bibi ndiye awe wa kupokea kadi na kutoa biskuti. Yeye anapenda kumpa, na mtoto anapenda kupewa na yeye. Sharti moja tu umwombe: mkono wa bibi ufunguke kwa kadi, kwa kichwa usifunguke.

Niandikie baada ya wiki tatu, na unipigie picha kurasa za daftari, safu ya tatu hasa. Msalimie bibi.